Kila Mtu Alidhani Mwenzake Ameshapiga Simu

Swali la msomaji:

Shikamoo mama. Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu kando ya Barabara ya Morogoro, maeneo ya Kimara. Wiki tatu zilizopita, saa mbili usiku, lori liligonga bodaboda mbele ya macho yangu. Watu walijaa ndani ya dakika moja. Mimi nilikuwa na simu mbili mkononi, zote zina chaji, lakini sikupiga. Nilijiambia kwa wingi ule wa watu lazima kuna aliyekwisha kupiga. Baada ya muda mzee mmoja akauliza, "Jamani, nani amepiga simu?" Tukatazamana. Hakuna. Nilipotaka kupiga sikujua nianze na polisi, hospitali au zimamoto, maana mafuta ya pikipiki yalikuwa yanamwagika. Mwishowe tuliwapakia kwenye bajaji. Dereva wa bodaboda alivunjika mguu na anaendelea vizuri, ila abiria wake alifariki hospitalini. Naomba unieleze: siku nyingine nimpigie nani kwanza, niseme nini, na je, nikijitokeza sitageuziwa kibao nikaonekana mhusika? Na swali linaloniuma kuliko yote: ningepiga mapema, yule abiria angepona?

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu najua ndilo lililokufanya uandike. Mtu ambaye hakuyaona majeraha ya yule abiria hawezi kukujibu. Yapo majeraha ya kichwa na ya kifua ambayo hata yakimpata mtu akiwa amesimama mlangoni mwa Muhimbili, hatoki. Kwa hiyo usijibebeshe kifo chake. Lakini sitakudanganya kwamba zile dakika hazikuwa na maana. Anayevuja damu kwenye mshipa mkubwa wa paja anaweza kuisha ndani ya dakika chache. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa dharura, kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, na majeruhi akishushwa kitandani swali langu la kwanza kwa waliomleta huwa ni "Imetokea saa ngapi?" Mara nyingi sana baada ya kujibu hilo huongeza wenyewe, kwa sauti ya chini, "Tulidhani wameshapiga simu."

Kwa hiyo lililokupata wewe linawapata watu wazuri kila siku, na limechunguzwa. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi. Kila mwanafunzi alikaa peke yake chumbani akizungumza na wenzake kupitia kipaza sauti. Ghafla sauti ya mmoja wa wale wenzake ilianza kukwama, kama mtu aliyeshikwa na kifafa, huku akiomba msaada. Wanafunzi walioamini kwamba ni wao peke yao wanaomsikia mgonjwa, 85 katika kila 100 waliinuka kutoa taarifa kabla sauti haijanyamaza. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia pamoja nao, walioinuka ni 31 tu katika kila 100. Na wale waliobaki wamekaa hawakuwa na roho ngumu. Mtafiti alipoingia aliwakuta wanatetemeka mikono na viganja vimelowa jasho. Waliumia kama ulivyoumia wewe, ila kila mmoja alimwachia mwenzake.

Tangu nilipolielewa hilo, nikikuta watu wamejaa mahali, wasiwasi wangu kwamba hakuna aliyepiga huongezeka. Na nakuomba na wewe uwe hivyo. Usiulize "Kuna mtu amepiga?" kwa sababu swali hilo kila mtu atamsukumia mwenzake, na atatokea mmoja wa kusema "Eee, wameshapiga" bila kumjua aliyepiga. Uliza maswali matatu mfululizo: Nani amepiga? Amepiga namba gani? Wamemjibu nini? Akipatikana mtu wa kuyajibu yote matatu, vizuri, kazi hiyo imekwisha. Asipopatikana, piga wewe. Simu mbili kuhusu tukio moja hazimdhuru mtu, na mara nyingi wa pili ndiye anayeeleza mahali vizuri zaidi. Kama mikono yako ina kazi, labda unabana jeraha, basi mnyooshee mtu mmoja kidole: "Wewe kaka mwenye shati jekundu, piga 112 sasa hivi, kisha rudi uniambie wamesemaje." Ukishamtaja kwa shati lake, hana tena wa kumwachia.

Sasa namba. Kwa Tanzania, 112 inapokelewa na polisi. 114 ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. 115 ni ya usafiri wa dharura wa mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga, mpango unaoitwa m-mama. 116 ni simu ya kusaidia watoto. Zote ni bure, huhitaji vocha wala bando, na kitochi kinapiga sawa na simu janja. 112 ina faida moja zaidi: ni namba ambayo simu za mkononi zimetengenezwa kuitambua kuwa ya dharura duniani kote, kwa hiyo pale ambapo mtandao wako hauna mnara simu inaweza kutumia mnara wa mtandao mwingine uliopo hewani. Ukiwa porini kati ya Chalinze na Segera na unaona hakuna mtandao, ijaribu hata hivyo.

Unauliza uanze na nani. Watu wengi huchagua kwa kutazama kilichotokea: ajali, basi polisi, damu, basi hospitali. Mimi nakufundisha utazame mbele kidogo. Jiulize ni kitu gani hapa kinaweza kumuua mtu dakika hii au inayofuata, kisha mpigie anayeweza kukizuia kitu hicho. Moto, mafuta mengi yanayomwagika, mtu aliyebanwa ndani ya chuma, aliyetumbukia kisimani au aliyefukiwa na kifusi: 114. Mtu mwenye panga, watu wanaotaka kumchoma mwizi, magari yanayoendelea kupita kasi palipo na majeruhi: 112. Pumzi na damu: hospitali. Na ukishindwa kuchagua kwa sekunde tano, piga 112, basi. Polisi ana redio na ana namba za wenzake wa zimamoto na za hospitali. Ukikosea huduma utapoteza dakika moja ya kuelekezwa kwingine, lakini ukisimama kuchagua unapoteza zote.

Katika tukio lako, kwa lita chache za mafuta ya pikipiki zilizomwagika, ingetosha kuwaambia watu wazime sigara na wasogee nyuma. Kilichokuwa kinatishia zaidi ni magari. Barabara ile tangu ilipopanuliwa kuelekea Kibaha watu wanaikimbiza, ilikuwa usiku, na umati ulikuwa umesimama katikati ya njia. Ningeanza na 112, nikamwagiza mtu wa pili atafute hospitali. Lakini kama yangekuwa mafuta ya lori lenyewe, au kama mguu wa yule kijana ungekuwa umebanwa chini ya tairi, simu ya kwanza ingekuwa 114.

Hapa niseme jambo linalonisumbua. Watu wetu wanalikumbuka nusu tu la jina la lile jeshi. Wakisikia zimamoto wanafikiria moshi, lakini jina lake linamalizikia na uokoaji, na hiyo ndiyo kazi yao siku nyingi: kukata mabati ya gari lililokunjamana, kumtoa mtoto chooni, kuzamia. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, waliokwama chini walikuwa wakizungumza kwa simu na walio juu, na wenye vifaa na ujuzi wa kuwafikia walihitajika kuanzia dakika ya kwanza. Mara ngapi nimeletewa mtu aliyevutwa kwa nguvu kutoka kwenye gari na wananchi wenye nia njema, mguu umebaki unaning'inia, na hakuna aliyewahi kupiga 114!

Na kuhusu mafuta, sote tunaikumbuka Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakalifuata na madumu, na moto ulipolipuka uliwaua watu zaidi ya 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini usiuone, na unaweza kushika moto mahali ambapo wewe unajiona uko mbali. Ukiona lori la mafuta limelala, kimbia kwanza upande upepo unakotoka, ukiwa mbali ndipo upige 114, halafu 112 ili barabara ifungwe. Usilisogelee hata kwa ajili ya kupiga picha ya kuwaonyesha watu hatari ilivyo.

Nimesema hospitali, na hapa lazima tuongee ukweli wa nchi yetu. 115 ilianzishwa kwa ajili ya mama na mtoto, na kwa hao inafanya kazi kubwa: gari la wagonjwa likiwa mbali, mratibu humtuma dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa. Kwa majeruhi wa barabarani, njia ninayoiona inawasaidia watu zaidi ni kuipigia moja kwa moja idara ya dharura ya hospitali ya karibu. Hata wasipokuwa na gari la kutuma, wakijua unakuja na mtu mwenye jeraha la kichwa wanaandaa kitanda, oksijeni na damu. Ilipoanzishwa idara kamili ya magonjwa ya dharura pale Muhimbili mwaka 2010 ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Leo hospitali nyingi za mikoa zina idara hizo na watu waliofunzwa. Wanachokikosa mara nyingi ni taarifa ya mapema.

Tuje kwenye kusema. Anza na mahali. Watu wengi huanza na kilio au na hadithi: "Afande, kuna lori hapa lilikuwa linatokea huku, sasa yule kijana wa boda…" na simu inakata. Simu ikikatika baada ya wewe kutaja mahali, msaada unaweza kuondoka. Ikikatika baada ya hadithi, hawajui waende wapi. Ungesema hivi:

"Nipo Kimara Baruti, Barabara ya Morogoro, upande wa magari yanayokwenda Kibaha, ng'ambo ya kituo cha mwendokasi. Lori limegonga bodaboda. Majeruhi wawili wako chini barabarani, mmoja haongei. Magari bado yanapita. Naitwa fulani, simu yangu ni hii ninayopigia."

Hapo ni kama sekunde ishirini. Tazama nilivyotaja upande. Barabara ile imegawanywa katikati, na gari la msaada likija upande usio wake linalazimika kwenda mbali kugeuza. Ukiwa barabara kuu ya mkoani, taja mji ulioupita na ule unaouendea, na soma jiwe la kilomita kama liko karibu. Ukiwa mtaani, tazama kibao cha mtaa na namba ya nyumba. Vile vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa kuanzia 2022 watu wanavipita tu, ila usiku wa moto vinakuwa na thamani kubwa. Taja alama ambayo mgeni ataiona: msikiti, shule, kituo cha mafuta, mnara. Niliwahi kupiga simu kuhusu duka linaloungua nikataja jina la baa ambalo sisi wenyeji bado tunalitumia, kumbe baa yenyewe ilifungwa miaka kadhaa nyuma na kibao kiling'olewa. Gari lilitupita mara mbili. Siwezi kulisahau. Wewe una kibanda pale pale, basi leo tembea hatua chache ukitazama kwa macho ya mgeni: ni kitu gani hapa dereva asiyepajua atakiona usiku?

Ukimaliza kueleza usikate simu. Ngoja aseme yeye kwamba ametosheka, kwa sababu anaweza kukuuliza kama mtu anapumua, au kukuelekeza la kufanya. Baada ya hapo acha laini wazi, na namba ngeni ikipiga pokea. Najua matapeli wa "tuma kwenye namba hii" wametufanya tuogope namba tusizozijua, lakini dakika hizo huenda ni dereva wa gari la wagonjwa anauliza kona. Mtume kijana mmoja akasimame barabarani na tochi ya simu. Hali ikibadilika, moto ukiwaka au aliyekuwa anaongea akinyamaza, piga tena uwaambie.

Na wasipopokea? Piga tena papo hapo, kisha namba nyingine: 114 ikikwama, 112. Wakati huo huo mtu mwingine ampigie mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kituo cha polisi cha jirani. Mfumo huu wa namba fupi wenyewe ulizaliwa kutokana na simu iliyokwama. Mwezi Novemba 1935 nyumba iliungua mtaa wa Wimpole, London, jirani akapiga simu kuita zimamoto na akawekwa kwenye foleni ya wapigaji. Wanawake watano walifia ndani ya nyumba ile. Jirani yule aliandika barua gazetini, bunge likauliza, na tarehe 30 Juni 1937 London ikaanza kutumia 999, ambayo Kenya inaitumia mpaka leo. Ndiyo maana naumia ninaposikia watu wazima wanapiga 114 kutania, au mtoto anaachiwa simu akabonyeza mpaka mtu akapokea. Laini ile inayochezewa kuna mtu yuko nyuma yake kwenye foleni. Ukiipiga kwa bahati mbaya usikate kwa aibu. Sema "Samahani, nimekosea, hakuna tatizo," wasije wakahangaika kukutafuta.

Hofu yako ya kugeuziwa kibao naielewa, na nimeisikia kwa wengi wanaomleta majeruhi getini kisha wanatoweka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayefahamu kwamba kosa limetendeka, au kwamba mtu amekufa ghafla au kwa ukatili, atoe taarifa mara moja kwa polisi au kwa kiongozi wa eneo lake, na inamkinga mtoa taarifa asifunguliwe mashtaka ya fidia kwa taarifa hiyo. Polisi wanaweza kukuomba maelezo kama shahidi, na hilo litakuchukulia muda wako. Lakini fikiria kile kilichomo ndani ya simu yako: orodha ya simu zilizopigwa, inayoonyesha 112, saa mbili na dakika nne. Aliyesababisha ajali akakimbia hana kumbukumbu hiyo. Usiifute.

PF3 nayo imewatisha watu isivyostahili. Fomu ile ya polisi ni muhimu kwa kesi, kwa bima na kwa kumbukumbu za hospitali, lakini mgonjwa mahututi anahudumiwa kwanza na fomu inafuata. Usimzungushe majeruhi kituoni huku anavuja damu eti kutafuta karatasi. Na ukiwa umeshapiga 112, PF3 inapatikana kwa urahisi zaidi, maana tukio lao wanalo tayari. Kwa ndugu zetu wa Kenya, Katiba yenu ya 2010, Ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Huko namba zenu za polisi ni 999 na 112, Msalaba Mwekundu ni 1199, watoto ni 116, na ukatili wa kijinsia ni 1195.

Mliwapakia kwenye bajaji, na sitawalaumu. Hapa kwetu majeruhi wengi huja hivyo, na kuna nyakati kusubiri gari lisilojulikana litafika lini ni kumwacha mtu afe. Ila simu ipigwe hata kama mmeamua kubeba, kwa sababu kuna majeruhi mwingine anayebaki, barabara inayohitaji askari, na hospitali inayohitaji kujiandaa. Kama yuko mahali salama na anapumua, mwache alivyolala mpaka wajuzi wafike. Kama lazima abebwe, wawe watu wanne au watano, kichwa na shingo vikishikwa na mmoja asiyefanya kazi nyingine yoyote, alazwe juu ya ubao au mlango, na gari lenye nafasi ya kumlaza ni bora kuliko bajaji ya kumkalisha akiwa amekunjwa. Helmeti msiivue kwa kuivuta. Mwacheni nayo maadamu anapumua.

Damu inayotoka kwa nguvu ibane kwa kiganja juu ya khanga au shati, kwa uzito wako wote, bila kuinua kila mara kuchungulia. Asiyepumua wala kuitikia, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwenda chini sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na usiache mpaka mtu wa kukupokea afike. Simu iwekwe spika pembeni yako. Usimpe majeruhi maji wala soda, hata akiomba kwa machozi, kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa usiku ule ule na tumbo lililojaa ni hatari kwake.

Mambo mengine nitayapitia haraka kwa kuwa wewe wakala unaona mengi. Mteja akidondoka na kifafa, ondoa karibu naye vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na degedege likipita dakika tano ita msaada. Mdomo ukienda upande ghafla au mkono ukalegea, hicho ni kiharusi, na kinataka hospitali saa hiyo hiyo, maana matibabu yake yanahesabiwa kwa saa. Waya wa umeme ukianguka usimguse aliyenaswa. Kata umeme kama swichi unaifikia, watu wakae mbali, na wapigie TANESCO pamoja na 114. Aliyeungua mwagilie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno iache mswakini.

Ukisikia "Mwizi! Mwizi!" na mawe yameanza kuokotwa, 112 ni simu ya kuokoa uhai kama nyingine yoyote, na usogee pembeni kidogo ili usikike. Mtoto anayepigwa au kuchezewa jirani yako, 116, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo vituo vya polisi. Majini usisahau kwamba walio karibu ndio wanaookoa: ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi walifika na mitumbwi yao mwanzoni kabisa, na watu 24 walitoka hai. Wakati wewe unapiga simu, mwenzako awapigie kelele wenye mitumbwi.

Na zile simu zilizokuwa zinarekodi video usiku ule? Hukuzitaja, lakini najua zilikuwepo, na natamani kila aliyeinua simu yake angeipiga kwanza. Nimewahi kumpokea mama aliyejua kifo cha mwanawe kwa kuona kiatu chake kwenye stetasi ya mtu asiyemfahamu. Kama picha ni ya kuonyesha namba ya gari lililokimbia, piga moja, mpe askari, usiirushe.

Nikuombe mambo mawili kabla hujafunga kibanda leo. La kwanza, pita hospitali iliyo karibu nawe, nenda mapokezi ya dharura, waombe namba inayopokelewa usiku, na uipige palepale uone kama inaita. La pili, chukua karatasi ngumu, andika kwa maandishi makubwa 112, 114, 115, 116, namba ile ya hospitali, ya mwenyekiti wa mtaa, na chini yake sentensi moja inayoeleza kibanda kilipo, pamoja na upande wa barabara. Ibandike pale unapobandika viwango vya kutoa na kuweka pesa, upande wa wateja, mahali ambapo mwanafunzi au mpita njia atasoma kwa sauti wakati wewe umeshika jeraha la mtu. Wale vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele yako waonyeshe, kila mmoja aisome mara moja kwa mdomo wake.